Chumvi ya Samaki wa Baba

Maji ya chumvi yakipashwa moto juu ya makaa hutoa harufu ambayo si ya jikoni wala si ya ziwani. Inakaribia harufu ya shati lililokaukia jasho. Nikiipata popote, hata kwenye kibanda cha muuza mayai ya kuchemsha, inanirudisha kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu Gitega: kitanda cha baba kimesogezwa ukutani, dirisha limeachwa wazi kwa ajili ya kifua chake, na kando ya kitanda, juu ya meza aliyozoea kukatia vitambaa, tangi la vioo lenye samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika. Kiangazi kile mimi na baba tulikuwa tunawatibu samaki, na mama alikuwa anamtibu baba.

Baba alikuwa fundi cherehani. Tangi aliletewa na mjomba Radjabu, mdogo wake mama, ambaye kule Bujumbura alikuwa akibeba mizigo ya watu wanaosafirisha samaki hai wa mapambo. Lilikuwa na pembe iliyopasuka, ikazibwa kwa gundi nyeusi. Samaki wenyewe walikuwa wale waliokataliwa: huyu mkia umeliwa, yule amekonda. Wengine walikuwa wa manjano kama ndizi mbivu, wengine wana milia myeusi. Baba aliliweka tangi mbele ya karakana, wateja wakawa wanasimama hapo na kusahau haraka zao. “Mteja akiangalia samaki,” alikuwa akisema, “hata haulizi suruali yake iko wapi.” Mkubwa wa manjano alimwita Shefu, yaani bosi, kwa sababu alikuwa anawafukuza wenzake kutoka kwenye chakula kisha hakili chote.

Msimu mzima wa mvua baba alikohoa, na kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba ni vumbi la pamba. Alipoanza kulegeza mikanda ya suruali zake mwenyewe, mama alimpeleka kituo cha afya, akakutwa na kifua kikuu. Muuguzi alimwambia, na mama akatusimulia sisi nyumbani, kwamba dawa ni za miezi mingi, kwamba atajisikia mzima mapema sana, na kwamba hapo ndipo penye hatari. Karakana ikafungwa. Tangi likaletwa chumbani ili apate cha kutazama. Kila asubuhi mama alimpa vidonge na uji mwembamba, akasimama mpaka aone koo limemeza. Mkojo wake ukageuka rangi ya chungwa kwa zile dawa, naye akacheka: “Mama Hadija, leo nimetoa juisi ya marakuja. Tutafute chupa tuuze.”

Kiangazi, ambacho kwetu tunakiita impeshi, kikaingia na vumbi lake jekundu la mchana na baridi yake ya alfajiri. Samaki wa ziwa lenye joto hawakuumbiwa Gitega. Asubuhi moja niliona punje nyeupe kwenye mkia wa Shefu, kama chembe za unga wa muhogo. Baada ya siku chache zilikuwa mwili mzima, na kwa wenzake pia. Walijisugua kwenye mawe kama mbuzi wenye kupe, wakabana mapezi, wakapanda juu ya maji kuhema. Shangazi Zena, dada yake baba, mfanyabiashara wa vitenge wa Muyinga, alikuwa amekuja kumuuguza kaka yake. Aliinama kwenye kioo akapiga makofi. “Ee kaka, samaki wako wamejitia chumvi wenyewe! Bado ndizi tu.” Baba alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka shangazi akaacha kucheka.

Tulimpigia simu mjomba Radjabu, baba akaiweka simu kitandani katikati yetu ili wote tusikie. “Hiyo ni kidudu,” mjomba alisema. “Iko inakula samaki chini ya ngozi. Maji yenu iko baridi. Tia joto pole pole, tia chumvi, vuta uchafu ya chini. Na hata mukiona imeisha, muendelee. Imeisha kwa macho tu.” Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, hata walimu walinichoka kwa hilo. Nikamuuliza kidudu kikitoka kwa samaki kinakwenda wapi. “Kinaanguka kwenye muchanga, binti. Kinajifunika, kinazaa watoto wengi mule ndani. Humo chumvi haikifanyi kitu. Unawangojea watoke kutafuta samaki, ndiyo unawapata.”

“Basi huyu ni mwizi anayeondoka ili arudi na ukoo,” baba akasema.

Ndipo kazi ikaanza. Mama alikuwa na mbabura, jiko letu la makaa, nami nikawa napasha maji, nayajaza kwenye chupa za plastiki na kuziacha zielee ndani ya tangi kama mitumbwi midogo mpaka zipoe, kisha nyingine. Chumvi ya mawe tuliiponda kwenye kinu na kuiyeyusha kwanza kwenye beseni. Baba, akiwa ameketi kitandani na blanketi mabegani, alinyonya maji kwa mpira mwembamba na kuvuta takataka za mchangani, huku akinifundisha kuushika mpira kwa subira ya mtu anayefuata mstari wa chaki. Sijawahi kuwa na baba yangu mwenyewe kiasi kile. Kabla ya ugonjwa nilikuwa namwona mgongo tu, ameinamia cherehani.

Punje zikapukutika. Shefu akaanza tena kufukuza wenzake. Wiki hizo hizo kikohozi cha baba kikakatika, mashavu yakajaa, akaomba nyama, akaanza kufika karakanani. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani husikiliza kimya wakati nyumba imefurahi? Shangazi Zena akaamua ipikwe shukrani. Sufuria za pilau ziliazimwa mtaa mzima, mikeka ikatandikwa mpaka barabarani, ustadhi akaomba dua. Mwishoni baba alisimama ndani ya kanzu aliyoishona mwenyewe usiku wa kuamkia siku ile, akasema: “Nimepona. Asanteni. Mungu amenipa kifua kipya.” Shangazi akainua mikono, “Na samaki wake pia, ya Rabi!” Watu wakacheka, wakasema amina.

Kesho yake baba hakumeza vidonge. Nataka nieleze vizuri hapa, kwa sababu mtu wa mbali atadhani ni ujinga tu. Hakuna chuo kilichotufundisha jambo hili, lakini mtaani kwetu kila mtu alilijua: aliyekwisha kusomewa shukrani hasimami tena kwenye foleni ya wagonjwa. Kufanya hivyo ni kama kusema alhamdulillahi mwisho wa mlo, kisha kuinua sahani kulalamika njaa. Ustadhi angeulizwa angekataa, maana yeye mwenyewe alikuwa akimeza vidonge vya presha kila siku ya Mungu. Lakini hakuulizwa. Jambo ambalo kila mtu analijua halina mwulizaji. Na kwa kuwa samaki nao walikuwemo kwenye dua, baba alimwaga maji ya chumvi, akajaza ya bomba, akaniambia nizime mbabura. “Acha kuwatesa, Hadija. Iko wazima.”

Hawakuwa wazima. Chembe zilirudi zote kwa pamoja, nyingi kuliko mwanzo, mpaka jicho la Shefu likawa halionekani vizuri. Wawili wa milia walielea asubuhi. Nilimwita baba. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu, mkono mmoja kifuani, nami nilijua ameona ninachokiona, kwa sababu kikohozi chake pia kilikuwa kimerudi. “Baba, wamerudi,” nilisema. “Mi naona,” akajibu. Kisha akachukua kitambaa cha kanzu kilichokuwa hakijakatwa, akalifunika tangi.

Ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Nilimsikia mama akisema, “Kunywa dawa.” Baba akasema, “Watu watasema nini? Ati dua ya mtaa muzima ilianguka?” Mama akasema, “Watasema we uko hai.”

Mtu wa kituo cha afya alikuja kumuulizia. Baba akaingia chumbani, mama akalazimika kujibu kwamba amesafiri. Uongo ule ndio uliompa mama wazo: asafiri kweli. Muyinga kulikuwa na vidonge vilevile, na huko, ukimtoa shangazi Zena aliyekwisha kurudi kwake, hakuna aliyekula pilau yake. Angeanza upya kama mgonjwa yeyote, bila jicho la jirani. Baba alikubali upesi, nikaona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetuliwa gunia. Shule zilikuwa zimefungwa, nikapelekwa naye ili nimkumbushe. Njiani, kutoka Gashoho mpaka Muyinga, alinishika mkono akaniambia, “Tukirudi tutawatia chumvi vizuri.”

Uani kwa shangazi Zena tulikuta watu. Shangazi alikuwa ameongea, kwa furaha, bila nia mbaya hata chembe; wateja wake wote wa vitenge walikuwa wamesikia habari za kaka aliyefufuka. “Ndiye huyu?” bibi mmoja aliuliza, akamwekea baba kiganja kifuani kutafuta baraka. “Ndiye! Muone alivyonenepa!” Baba akatabasamu. Alikizuia kikohozi mpaka machozi yakamtoka, na wale wanawake wakayaona machozi yale wakasema ni ya shukrani.

Hakufika kituoni. Kila asubuhi nilimwambia, kila asubuhi akasema kesho. Alishona nguo za wapwa zake, akikoholea kwenye mabaki ya vitambaa na kuyachoma mwenyewe. Shangazi alipoliona moja likiwa jekundu alipiga kelele na kumpeleka hospitali, akikimbia kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Walimpokea, wakajaribu. Alizikwa Muyinga. Msibani watu walisema mficha maradhi kilio humfichua, na wengi wao walikuwa wale waliomshika kifua.

Mama alikuja kuzika, akanirudisha Gitega akakae eda yake. Nilipoingia chumba cha nyuma nilisikia ile harufu. Tangi lilikuwa wazi, chupa zikielea, mchanga umefuliwa mweupe, na Shefu, bila punje hata moja, akimfukuza mwenzake. Mikono ya mama ilikuwa imepasuka kwa chumvi. Tangu tuondoke mpaka alipoitwa msibani hakuwa ameacha hata siku moja. Nilimuuliza amewezaje kuwaokoa. “Samaki hawana majirani,” akasema.

Mwaka ule nikaacha shule, na tangu hapo sijakaa mahali pakanizoea. Nimeuza maharage Bugendana, nimesuka nywele Giheta, nimevuka mpaka nikarudi, na kila pahali nauliza maswali yaleyale ya kitoto: kikitoka hapa kinakwenda wapi? Siku hizi kwenye simu unaweza kumtazama kidudu yule aliyekuzwa mara nyingi, mviringo, anazunguka polepole kama mtu asiye na haraka. Gitega imejaa majengo mapya na dawa za kifua bado ni za bure. Shangazi Zena mpaka leo anasema kaka yake alipona, na kilichomuua ni kingine. Simbishi. Amezeeka na hana kingine cha kushika.

Lakini kwa mama hakipikwi tena chakula cha kupona kwa furaha ya macho. Mwaka jana mjukuu wa jirani alitibiwa kifua, mama akajitolea pilau, akangoja miezi yote ya dawa, watu wakamcheka kwamba mchele wake utaota. Siku ya dua alileta sinia, na juu ya wali, mahali watu wanapoweka zabibu, alikuwa amepanga pakiti za vidonge vya mtoto yule, tupu zote. Hakuna aliyenyoosha mkono kula mpaka alipomaliza kuziondoa.