Mahema Mawili na Kiti cha Kinyozi

Watu huniuliza kama ile poka ya ngazi, mchezo wa karata wa kwenye simu, inalipa. Huniuliza wakiwa wamekaa kwenye kiti chenyewe, wakijitazama kwenye kioo. Nami huwaambia: inamisheni macho, tazameni miguu ya hicho kiti.

Kiti nilikinunua mimi. Miaka sita nilisuka vichwa vya watu nimesimama, mpaka magoti yakawa yanalia kama bawaba, ndipo nikakipata: cha chuma, ngozi nyekundu, kinazunguka, na ukikanyaga pedali kinapanda. Mume wangu ni kinyozi. Wateja humwita Mkono wa Pamba, na haki yake simnyimi, wembe wake huusikii. Siku kiti kilipoingia alikaa yeye kwanza, akazunguka mara tatu, akasema, "Mke wangu, sasa tumekaa." Kumbe alikuwa amekaa peke yake.

Chumba chetu ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande wa mlangoni ananyoa yeye, upande wa ndani nasuka mimi. Mpangaji wa zamani alikuwa na mashine ya kusaga, akatuachia bamba la chuma lililozikwa kwenye sakafu. Kiti tulikiweka juu yake.

Hiyo poka ya ngazi iko hivi. Ngazi ya kwanza unaingia kwa bei ya kunyoa kichwa kimoja. Mnacheza watu kumi, kila mtu kwao, hamjuani sura. Anayebaki mwisho hapewi pesa, anapewa tiketi ya ngazi ya pili. Huko nako watu kumi, tiketi ya ngazi ya tatu. Ngazi ni nne, na juu kabisa kuna tiketi ya kwenda kucheza na mabingwa kwenye hoteli, nchi ya mbali.

"Nimeshinda!" alikuwa akiniambia, macho yanang'aa.

"Umeshinda nini?"

"Tiketi."

"Tuikaange au tuichemshe?"

Alikuwa anacheka. Mimi sikuwa nacheka. Miaka mitatu alipanda na kuporomoka, na kila akiporomoka anaanzia chini, kichwa kimoja, viwili, vitano, mpaka jioni vichwa vyote alivyonyoa vimeingia kwenye simu.

Tena akanifanya mkono wake. Mchezo unakupa sekunde kumi na tano za kuamua, na mikono ya kinyozi ina povu na wembe. Basi simu aliniachia mimi nyuma ya pazia. Kusoma sijui, hilo silifichi, kwetu walisoma wavulana. Akanifundisha rangi za vitufe: nyekundu, tupa karata; kijani, wafuate; buluu, weka sarafu zote za mchezo. Herufi za karata nilizijua kwa sura. Ree, karata kubwa kuliko zote, ina herufi kama hema. Nilikuwa namtajia nilichoona, naye anataja rangi huku ananyoa. Wateja wageni walidhani tunazungumza rangi za nywele.

Mwanzoni sikuogopa hasara. Niliogopa wembe. Sikio lake lilikuwa kwangu na ncha ya wembe ilikuwa shingoni mwa mtoto wa watu. Kila simu ilipolia niliona damu ambayo bado haijamwagika.

Kisha akafika ngazi ya nne. Wiki hiyo kinyozi wa duka la jirani alikuja kutusalimu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikanyaga pedali, akakizungusha kiti, akabonyeza ngozi kwa kidole kama anayenunua papai.

"Amefuata nini huyu?" niliuliza alipoondoka.

"Tiketi ya juu haina nauli," mume wangu alisema bila kunitazama. "Nikiipata Ijumaa, kiti ndicho kitakachonisafirisha. Tumeshaelewana naye."

"Na usipoipata?"

"Nitakiuza vilevile, nianzie ngazi ya tatu kwa kununua. Siwezi kuanza tena chini kama mtoto."

Nilikwenda kukaa nyuma ya pazia. Akishinda, kiti hakuna. Akishindwa, kiti hakuna. Na kinyozi asiye na kiti ni mtu mwenye wembe tu.

Nilimsubiri Mwalimu. Ni mstaafu, ananyolewa ndevu mara mbili kwa wiki. Mume wangu alipotoka kuchota maji, nilimpa simu. "Mwalimu, nisomee masharti ya huu mchezo."

Alivaa miwani, akasoma taratibu. "Mama, tiketi haibadilishwi kuwa pesa. Wala humpi mtu mwingine."

"Hata ya juu?"

"Hata ya juu. Ngazi ya nne zinatolewa tiketi mbili, na zote ni sawasawa. Kwa hiyo wakibaki watatu, mwenye sarafu nyingi hana haja ya kupigana. Anatupa karata, anasubiri yule mnyonge aishiwe."

"Hata akipata karata nzuri?"

"Hata nzuri kuliko zote."

"Mume wangu analijua hilo?"

Mwalimu alivua miwani. "Kulijua analijua. Kutulia ndiko hajui."

Ijumaa mchana Mwalimu alikuwa kwenye kiti, kichwa nyuma, povu hadi masikioni. Nje ya mlango kinyozi wa jirani alikuwa ameegemea mkokoteni mtupu. Watu kumi walikuwa wamebaki watatu. Mume wangu alikuwa na rundo la sarafu, mwingine alikuwa na rundo kubwa zaidi, na wa tatu alikuwa na sarafu mbili tu.

Yule mwenye rundo kubwa akaweka zote. Karata zetu zikafunguka.

"Mahema mawili," nilisema.

"Mawili? Una hakika?"

"Mawili."

"Buluu!"

Kupitia upenyo wa pazia niliona kwenye kioo macho ya Mwalimu. Alikuwa hawezi kusema, wembe ulikuwa kooni. Lakini alinitazama, nami nilikumbuka. Kidole changu kilikuwa juu ya nyekundu. Nyekundu ilikuwa tiketi, na tiketi ilikuwa mkokoteni ule mlangoni. Sekunde tisa. Nane.

"Buluu, mwanamke! Umelala?"

Miaka kumi na tisa nimekuwa mke mtiifu. Nikatii.

Karata za mezani, zile za wote, zikashuka moja moja. Yule mwingine alikuwa na pao mbili ndogo, zile karata za ua jeusi. Zikashuka nyingine tatu za pao, na pao tano hupiga hata ree mbili. Mahema yakaanguka. Yule mnyonge wa sarafu mbili akapewa tiketi ya pili, bila kuinua kidole.

"Tumetoka," nilisema.

Mwalimu akashtuka, "Sss!" Mstari mwekundu ukatokea chini ya sikio lake. Mkono wa Pamba ulikuwa umekata, kwa mara ya kwanza.

"Ulibonyeza nini?" mume wangu aliuliza.

"Ulichoniambia."

Alimwambia wa mkokoteni arudi kesho, akatoka kukaa kwenye ngazi za nje, kichwa mikononi. Nilimfunga Mwalimu kitambaa, nikamwomba radhi, kisha nikapita mlango wa nyuma kwenda kwa fundi wa kuchomelea. Fundi alikuja na mashine yake, akachomelea miguu yote minne kwenye lile bamba la sakafu. Cheche zilipoanza kuruka, mume wangu aliingia mbio.

"Umekiua kiti!"

"Sijakiua. Nimekifungisha ndoa na sakafu. Mwambie mwenzako akikitaka, achukue na jengo."

Aliinua mkono. Fundi alizima mashine yake, akavua miwani, akasimama tu. Mkono ukashuka.

Tangu hapo simu anaiweka mwenyewe kwenye rafu, na jicho lake huenda na kurudi huku wembe unatembea. Ameanza tena ngazi ya kwanza, kichwa kwa kichwa. Pazia nimeliondoa ili nimwone, na nikisuka vidole vyangu hukosea.

Jana kinyozi wa jirani alipita kutusalimu. Kiti hakukitazama. Alisimama mbele ya kioo chetu kikubwa, akakipima kwa mikono miwili, upande hadi upande.

Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea. Akaniambia kioo hakichomelewi.