Kidonge Kilichokatwa Katikati

Mama yangu alipasuliwa shingo Dodoma mjini. Pingili zilizobeba ndoo za maji tangu utoto wake zilikuwa zimeanza kuubana uti wa mgongo, na mikono ikawa inakufa ganzi. Daktari alipokuwa akikaza skrubu za kushikilia pingili hizo, aliugusa mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, ukachanika. Alitoka kuniambia mwenyewe, bila kuzunguka. Wakapitisha kibomba cha chuma, stenti, kutoka pajani hadi shingoni, kikaziba mchaniko kwa ndani na kuiacha njia ya damu wazi.

Sharti lilikuwa ameze kila siku vidonge vya kuzuia damu isigande. Akipunguza, stenti ingeweza kuziba, na hapo ni kupooza au kaburi. Nilimrudia maneno hayo hadi akaniuliza kama nadhani walimpasua masikio.

Alipopata nafuu aliondoka kwangu Chang'ombe, hapo hapo Dodoma, akarudi kijijini Gulwe, anakoishi na wifi yake, shangazi yangu. Nilipokwenda kuwatazama, nilimkuta shangazi ameketi uani, kanga puani, ina damu.

“Shikamoo shangazi. Umeumia?”

“Marahaba. Wala. Siku hizi inatoka yenyewe tu.”

Niliingia jikoni, Mama anasonga ugali, nikamwomba nione dawa zake. Zilikuwa kwenye kikombe, pamoja na wembe.

“Nakata katikati,” alisema. “Na yeye shingo inamuuma. Ndoo tulibeba wote. Nitamezaje peke yangu, mwenzangu ananiangalia?”

Nilikasirika hata ugali ukanishinda. Katika nyumba ile hakuna chakula kinacholiwa na mmoja, na Mama alikiweka kidonge kwenye fungu hilo.

Niliwabeba wote wawili hadi hospitali. Picha ya shingo ya Mama ilionyesha njia ya damu bado iko wazi. Daktari akawaeleza taratibu kwamba dawa ile si ya maumivu: nusu moja ilikuwa inamtoa shangazi damu, na nusu iliyobaki haikutosha kumlinda Mama asife.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

“Basi ongeza, daktari. Tuko wawili.”

Nilicheka, machozi yakinitoka. Shangazi hakucheka. Alikuwa anamtazama wifi yake kana kwamba ndiyo kwanza amemwona.

Sasa shangazi ana dawa yake ya maumivu, lakini haigusi kabla ya Mama kumeza ya kwake. Kila asubuhi humsimamia na kikombe cha maji, kisha humwamuru afungue kinywa, anyanyue ulimi, naye huinama kuchungulia.