Ramani Isiyo na Mkuu

Nilimwonea wivu binti yule tangu siku ya kwanza, na sitaki kuzunguka mbuyu kuhusu hilo. Aliingia ofisini kwetu Kiyovu asubuhi ya mvua, begi la kompyuta amelikumbatia chini ya koti kama mtoto mchanga, na mkuu wa taasisi akatutambulisha: huyu ndiye atakayetuchorea ramani ya sayansi zetu zote. Watu wakapiga makofi. Mimi nilimwangalia kuanzia viatuni, na vile viatu vililowa hadi vikawa vinalia anapotembea, lakini hata hivyo sikupata cha kumcheka. Nilimzidi miaka kama kumi na tano.

Taasisi yetu ni ya utafiti, na iko katika jumba la zamani ambalo vyumba vyake vya kulala viligeuzwa ofisi. Watu wa udongo wanakaa kilichokuwa chumba cha kulia chakula, watu wa malaria wako juu, wa elimu ya shule wamebanwa kwenye gereji ya zamani. Mimi ni mtu wa takwimu. Nilikuwa pale mwaka wa kumi na moja, na kila aliyekwama na hesabu alinijia na maneno yale yale: "Dada, nisaidie kidogo tu." Hicho kidogo chao hula wiki nzima.

Wakati huo jengo jipya lilikuwa linajengwa Gahanga, pembezoni mwa jiji, na wakubwa walitaka kujua ni sayansi zipi hasa zinazofanya kazi pamoja, ili wawapange watu wakae jirani. Kingeundwa kitengo kipya cha kushughulikia mambo hayo, na kitengo kingekuwa na kiongozi. Uongozi ule niliutaka. Niliutaka kiasi kwamba nilishachagua akilini meza itakaa upande gani wa dirisha. Ila sikuwahi kuuomba. Nililelewa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nikaketi nikisubiri wanunuzi.

Akaja yeye.

Walimweka chumbani kwangu kwa sababu sote wawili tulihesabiwa kuwa watu wa kompyuta. Alikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, nami nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania. Ofisi nzima inazungumza Kinyarwanda na Kiingereza, na mkuu, aliyekulia Uganda, ana Kiswahili cha kuombea maji tu. Basi sisi wawili tukichoka tulikuwa tunahamia Kiswahili bila kukubaliana. Hilo liliniudhi kuliko yote, maana ni kazi ngumu kumchukia mtu anayekutania kwa lugha uliyochezea rede utotoni.

Siku moja mchana alinieleza kazi yake tukiwa kwenye melanje, mgahawa ambapo unajaza sahani mara moja tu na nyama ni kipande kimoja. Yeye alijua kupanga sahani, viazi vikawa ukuta na maharage yasimwagike. Akasema kila makala ya utafiti ni nukta. Makala mbili zikiwa na mwandishi mmoja, au moja ikiitaja nyingine, kompyuta inafunga uzi kati yao. Zenye nyuzi nyingi inazivuta pamoja, zisizojuana inazisukuma mbali, mpaka kila sayansi inakaa kwenye kitongoji chake. Kisha unaiuliza: ili kutoka kitongoji hiki hadi kile, njia nyingi zinapita kwa nani?

"Huyo ndiye daraja, dada," akasema, akimega kiazi. "Ukimujua daraja, umejua kila kitu."

Nilielewa nusu, nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa yote. Kisha kwa wiki mbili, nyumbani Kabeza, nilikuwa nasoma mambo hayo kwenye simu, na mume wangu akiuliza nasema natafuta mitindo ya vitenge. Nilijaribu hata kuchora ramani yangu mwenyewe. Ilitoka kama wigi lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Yake ilitoka siku chache baadaye, safi, yenye rangi, ukiitazama unaelewa bila kuelezwa. Nilisema ni nzuri, nikaifuta yangu.

"Njoo uone," aliniita. "Mkuu wetu iko mutu wa ajabu! Kwa udongo iko yeye, kwa malaria iko yeye, kwa mashule iko yeye, kwa maji iko yeye. Huyu mzee analala saa ngapi?"

Katikati ya ramani kulikuwa na nukta moja kubwa kama kifuniko cha sufuria, nayo ilikuwa ya mkuu. Njia zote zilipita kwake.

Mimi nilijua kwa nini. Mtu yeyote aliyekaa pale mwaka mmoja angejua. Kwetu hakuna makala inayotoka bila jina la mkuu mwishoni mwa orodha ya waandishi, hata kama alichosoma ni kichwa cha habari tu. Hakuna aliyewahi kuamuru hivyo. Ni heshima, kama unavyomsalimu mwenye nyumba kabla ya kuketi. Kompyuta haijui heshima. Ilimhesabia mkuu kazi ya watu wote, na msichana naye, mgeni wa miezi miwili, akaiamini kompyuta.

Neno moja tu lingetosha kumwokoa. Nikamwambia, "Ndiyo, ni mtu wa kazi sana," nikatoka nje nikacheka peke yangu karibu na tangi la maji. Nilitaka asimame na ile ramani mbele ya wageni watakaokuja kuiona, waliojua wachekee kwenye vikombe vya chai, na aone jinsi inavyokuwa kukosa makofi.

Lakini makofi aliendelea kuyapata yeye. Jumatatu moja, katika mkutano wa wiki, mkuu aliinua mkono kuelekea tulipoketi, nami nikajiweka sawa kitini. Kumbe mkono ulimlenga yeye, jirani yangu. Mkuu akasema anadhani kiongozi wa kitengo kipya ameshapatikana, bado karatasi tu. Nilipiga makofi kuliko wote. Viganja viliniuma hadi jioni.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo binti alifunga mlango wa chumba chetu. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Dada, nilimutoa mkuu."

"Umemtoa wapi?"

"Kwa ramani. Nilisoma makala moja moja, nikaona hapana, huyu mutu hakufanya hizi kazi zote. Wanaweka jina tu. Nikamutoa. Ramani ya kweli haina yeye. Angalia sasa."

Nikaangalia. Sayansi zetu zilikuwa zimesambaratika, kila moja kisiwa chake, hakuna hata uzi. Watu wa malaria na watu wa udongo, wanaokunywa chai kwenye birika moja, walikuwa mbali kama hawajawahi kusikiana.

"Lakini haiwezekani," akasema. "Hawa watu wanafanya kazi pamoja. Iko kitu inawashika, ni vile data haioni. Mimi nitakitafuta. Nikishapata, nitaenda kwa mkuu mwenyewe, nimuelezee polepole, asisikie vibaya. Wewe usiambie mutu, dada. Nimekuonyesha wewe tu."

Sikulala vizuri, lakini si kwa sababu ya dhamiri, nisijisifu bure. Nilikuwa napanga maneno. Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa mkuu na fomu ya likizo ambayo wala haikuwa na haraka. Alipokuwa anatia saini, nikasema kwa Kinyarwanda, taratibu, kama mtu anayeumia, kwamba nina wasiwasi na ile ramani. Nikasema binti amemtoa. Anasema ramani ya kweli ni ile isiyo na mkuu.

Sikusema uongo hata neno moja. Nimejiambia hilo mara nyingi tangu siku ile, na kila mara linanisaidia kidogo zaidi ya jana yake, ndiyo maana naliogopa.

"Amenitoa mimi?" mkuu akauliza.

"Ndiyo, mkuu."

Akaizungusha kalamu mezani, akanirudishia fomu. "Murakoze," akasema. Asante, basi. Nilitoka pale mwepesi. Nilishuka hadi kwenye duka la maziwa nikaagiza glasi kubwa ya maziwa mgando, nikaimaliza nimesimama, na nitasema ukweli, yalikuwa matamu.

Jumatatu iliyofuata karatasi ilitoka kweli. Yeye anahamishiwa Gahanga, kwenye stoo ya jengo jipya, kubandika lebo kwenye sampuli za udongo kabla watu hawajahamia. Uongozi wa kitengo ni wangu. Watu wa udongo walinipigia vigelegele, wa malaria wakaleta soda. Yeye alikusanya vitu vyake katika boksi moja, akanikumbatia kama tunavyokumbatiana, kushoto, kulia, kushoto, akanipa flashi. Akasema kazi yote iko humo, pamoja na ramani ya mwisho. Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, na sikupata nafasi.

Flashi niliiacha siku kadhaa kwenye droo. Nilikuwa na shughuli ya kuhamisha meza.

Kisha mkuu akasema wageni wanakuja Alhamisi, nao watataka kuona ramani. Jumatano mchana nikaifungua. Ndani mlikuwa na ramani yenye mkuu katikati, mlikuwa na ile ya visiwa, na mlikuwa na ya tatu ambayo sikuijua. Aliipa jina Zawadi ya Dada.

Visiwa vilikuwa vimeungana tena. Pembeni aliandika alichofanya. Alisoma shukrani za makala zote, ile aya ya mwisho isiyosomwa na mtu, pale waandishi wanapowashukuru dereva, mfadhili na Mungu. Kila aliyeshukuriwa akampa nukta yake, akafunga nyuzi upya. Na katikati, pale palipokuwa na kifuniko cha sufuria, paliota nukta ya kijani, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa langu.

Kutoka udongo kwenda malaria unapita kwangu. Kutoka shule kwenda maji unapita kwangu. Chini yake aliweka picha nyingine ndogo kuonyesha nikitolewa mimi inakuwaje, na taasisi nzima ilikuwa imetawanyika vipande vipande.

Miaka kumi na moja nilikuwa nimekaa katika chumba kile nikingoja mtu mmoja anione. Faili la kompyuta huonyesha siku lilipotengenezwa. Lile lilikuwa la Jumamosi. Mimi kwa mkuu nilikwenda Ijumaa.

Nilimpigia simu pale pale, kabla sijapata ujasiri wa kutopiga. Nyuma yake nilisikia mafundi wakigonga mabati.

"Umefungua?" akauliza.

"Nimefungua."

"Nilitaka uione siku ya mkutano, mbele ya watu wote. Haikuwezekana. Lakini hesabu iko sawa, dada. Nilihakikisha mara tatu."

Ilibidi niseme kitu. Nikasema kitu cha kipumbavu kuliko vyote nilivyowahi kusema maishani. Nikasema, "Sijui ni nani alimwambia mkuu."

Nilimsikia akisogea mbali na wale mafundi.

"Mimi niliambia mutu mmoja tu," akasema. Sauti haikupanda. Ningeshukuru ingepanda, nipate cha kujibu. Kisha akaniuliza kama anayeuliza bei ya nyanya: "Sasa kesho utawaonyesha gani?"

"Yako," nikasema. "Ile ya mwisho."

"Sawa, dada."

Na nilikuwa namaanisha. Niliondoka na flashi mkononi, nikaamka nayo, nikafika nayo ukumbini. Wageni walikuwa wameshaketi. Mkuu alikuwa mstari wa mbele na tai mpya, na aliponiona alinionyesha kiti kilichowekwa kadi ya cheo changu kipya. Nikafikiria nikiweka ile ramani ya kijani nitalazimika kueleza kwa nini mkuu hayumo. Nitalazimika kutaja aliyeichora, na watauliza yuko wapi, na kwa nini yuko huko. Na kitu kingine, ambacho ni aibu zaidi: hata saa ile, huku jina langu likiwa katikati kwa mkono wake, bado nilimwonea wivu. Yeye aliweza kufanya vile. Mimi nisingeweza kumfanyia mtu yeyote.

Nikaweka ramani ya kwanza. Nukta kubwa kama kifuniko cha sufuria ikajaa ukutani, nikaeleza vizuri, kwa sauti ya mtu anayejua, jinsi sayansi zetu zote zinavyounganishwa na uongozi wa mkuu. Watu wakapiga makofi. Mkuu aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Mgeni mmoja, mama wa makamo aliyevaa miwani, akainua mkono. Alisema anashukuru, kazi ni nzuri, ana swali moja dogo tu. Ile nukta ya katikati ikitolewa, ramani inakuwaje?

Mkuu aligeuka kunitazama. Watu wa udongo wakanitazama, wa malaria wakanitazama, wale niliowafanyia hesabu zao miaka yote ile.

"Hilo," nikasema, "bado hatujawahi kulijaribu."