Foto ya famille ku ukuta ya salon ilinifukuza ku meza yangu

Wakubwa wa humu ndani, amani kwenu.

Mimi muzee wa Kingi, hapa Masisi. Masomo yangu ilikomea primeri, basi mwenye anapenda kusahihisha herufi aende asahihishe za batoto yake. Hii naandika ilinifikia mimi mwenyewe, na bibi yangu anakaa hapa pembeni. Nikiongeza chumvi, atanikata maneno.

Binti yetu Furaha anashonaka nguo Goma. Alikuja kututembelea, akaingia mu salon, chumba yetu ya wageni, akasimama anaangalia ukuta namna munganga anaangalia kidonda.

«Papa, ukuta hii inaleta huzuni.»

Ukuta yenyewe ni mbao. Kulikuwa kalenda ya mwaka yenye ilishapita, na foto ya mulima ya Ulaya yenye theluji. Mimi nilikuwa nimezoea ile mulima. Haijawahi kuniomba kitu.

Furaha akatufundisha kama siku hizi batu ya maana wanapambaka nyumba na sura zao wenyewe. Foto kubwa, juu ya viti ya fotei, na wote wanavaa rangi moja. Rangi akachagua nyeupe.

Nyeupe, wakubwa. Masisi. Musimu ya mvua. Huku hata mbuzi nyeupe iko mweusi mupaka ku magoti.

Bibi yangu akasema atakubali, lakini mama yake mwenye iko Ntoto, kule Walikale, lazima aingie mu foto.

«Foto ya baba sikubakia nayo hata moja,» alisema. «Tulikimbia, zikabaki mu nyumba, nyumba ikaungua. Sasa nikifunga macho naona kofia yake tu. Sura haikuje tena. Ya mama sitaiacha ipotee vile.»

Nikakubali.

Sasa nieleze kidogo, sababu vijana wa humu munaishi na wakwe, munachovya ugali mu bakuli moja. Sisi tulilelewa ingine. Mama-mukwe ni haya. Hauangalie macho yake, haukae karibu naye, na kukula mbele yake, afazali upite soko muzima bila suruali.

Tangu nioe binti yake, akiingia na mulango ya mbele, mimi natokea na ya nyuma. Salamu inapitia ku kinywa ya mutu mwingine. Na tunapendana sana, musifikiri mubaya. Namutumiaka asali ya pori, ile ya kweli, si hii ya siku hizi yenye wanachanganya na sukari na kuapa kwa Mungu. Lakini tuache asali.

Haya hiyo iko na dawa moja tu: mama-mukwe anatoa kuku, mukwe anaikula, basi wanaweza kukaa pamoja. Mimi kuku yangu haijawahi kutoka. Sijaiomba pia. Haiombwake.

Furaha akapanga viti inje. Koko, njo vile batoto wanamuitaka mama-mukwe wangu, nyanya yao, katikati. Papa pembeni yake.

«Furaha, mimi na Koko, bega kwa bega?»

«Papa, ni foto. Si kukula.»

Mutoto tulimufundisha kushona, akarudi avoka wa kutetea kesi.

Koko alifika juu ya pikipiki, nyeupe yake ikiwa tayari rangi ya barabara. Fotografe, kijana mumoja wa Masisi centre anaitwa Fiston, akaanza kazi. Mimi nilisimama mbali kabisa, karibu na choo.

«Papa, sogea.»

«Niko sawa hapa.»

«Papa, uko mu kiwanja ya jirani.»

Mwisho Fiston akasema hakuna shida, atapiga bale wote na Koko, kisha mimi peke yangu, na ordinateri, kompyuta yake, itatuunganisha. Nikaona huyu mutoto alilelewa.

Zamu yangu ikafika. Lakini Koko alikuwa amekaa nyuma ya Fiston, anapumuzika. Nikiangalia kamera, naangalia mama-mukwe. Basi nikageuza macho kuume, kwa heshima yote, nikakazia ng'ombe ya jirani. Ni ng'ombe muzuri. Nikatabasamu kidogo.

Koko akarudia Ntoto. Siku chache baadaye barabara ya Ntoto ikafunga, munajua namna inafungaka. Bibi yangu akaacha kuimba mu jikoni.

Kisha foto ikatoka Goma, kubwa kama mulango.

Tuko mu nyumba yenye sijawahi kuingia, na ngazi ya dhahabu na maua ya meza. Nguo zote zimekuwa nyeupe, hata matope imesamehewa. Na mimi, ordinateri imenibandika kushoto ya Koko, bega kwa bega. Ile macho yenye nilikuwa naangalia nayo ng'ombe, sasa inaangalia mama-mukwe. Na tabasamu.

Furaha akaitundika mbele kabisa ya meza. Eti lumiere, mwangaza, iko muzuri pale.

Nikaleta ugali ku kinywa. Koko ananiangalia. Nikashusha ugali.

Nikahamia jikoni, nakula katikati ya kuku. Majirani wakasikia. Papa Bahati, mwenye ile ng'ombe, akapita kuniuliza kama talaka ilitoka upande gani.

Nikamwambia bibi yangu tuitoe, tuiweke mu chumba ya kulala.

«Itoe,» akajibu. Alikuwa anaipangusa vumbi, anaanza na sura ya mama yake, kisha zetu. «Lakini ujue, kwa sasa njo njia moja tu niko nayo ya kumuona.»

Sikuitoa.

Furaha, mwenye hana siri, akamupigia Koko simu, akamusimulia yote. Koko alicheka mupaka simu ikakatika. Alipopigiwa tena, akatuma neno:

«Mwambieni mukwe wangu kuku yake nilishaitoa. Barabara imefunga, basi nimeichinja na nimeikula kwa jina lake. Ilikuwa na mafuta.»

Tangu siku ile nimerudi ku meza. Kwa tahadhari nimegeuza kiti, napatia foto mugongo. Mama Furaha anakaa mbele yangu. Anakula, anainua macho, anaangalia juu ya kichwa yangu, anacheka pole pole. Mimi namega ugali, sigeuke.

Fundisho: kabla ya kupamba ukuta, ulizeni kwanza mwenye atakulia chini yake.

Na swali, wazee wenye kujua mila mutoke mujibu, vijana mucheke kwa sauti ndogo: kuku ya kufungua haya, kama mwenye kuitoa njo aliikula, haya inaisha, ao iko palepale? Barabara ikifunguka Koko atakuja, na nataka kujua nitapitia mulango gani.