Pawa Saplai Nzito

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipomiminika Mbinga, niliacha shamba la baba kule Ukata nikafungua chumba cha video mjini. Harusi, kipaimara, misiba, kote niliitwa. Kompyuta yangu ilikuwa kuukuu, nikainunulia kadi mpya ya picha ili ihariri upesi. Loh! Kila kazi ikikolea, mashine inazima ghafla. Kadi ile ilikula umeme kuliko uwezo wa pawa saplai, lile boksi la chuma linalogawa umeme ndani ya kompyuta.

Nikapanda basi mpaka Dar. Dukani Kariakoo nikawekewa pawa saplai mbili, zote zimeandikwa wati mia nne. Mimi Mmatengo bwana, nimekulia kwenye mizani ya kahawa. Nikazipima mkononi, nikachukua iliyo nzito, nikiamini nzito ndiyo imara. Nikajiona mjanja kweli.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na harusi ya Namswea. Baba wa bibi harusi aliongoza mganda siku hiyo, ngoma yetu ya wanaume, na wiki chache baadaye akafariki. Mjane wake alikuwa ameniomba nakala. Picha nyingine ya mumewe hakuwa nayo, hata ya kitambulisho. Na kanda yenyewe? Nilishairekodia harusi nyingine juu yake, maana kanda zilikuwa za kutafuta kwa tochi.

Nikafunga pawa saplai, nikawasha. Dakika kumi, safi kabisa. Kisha pu! Moshi ukajaa chumba. Diski iliyohifadhi harusi ile haikuzunguka tena. Fundi wa Songea aliijaribu kwenye mashine zake zote, akatikisa kichwa. Niliporudi nikalifungua lile boksi kwa hasira. Ndani, kipande cha zege kimegandishwa kwa gundi. Zege! Kwetu Ukata watu walificha mawe kwenye magunia ya kahawa ili wanunuzi waingie mkenge, na mimi nayajua hayo tangu utoto. Mjinga mkubwa mimi! Nililia, sioni aibu kusema.

Jumapili baada ya misa mama yule akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Iko tayari?"

Nikamweleza yote, hata la kanda sikuficha. Nilitaka anitukane. Akakaa kwenye benchi, ameshika mkoba wake.

"Basi," akasema, "wewe umeiangalia mara nyingi. Hebu niambie, alipokuwa anacheza, alicheka? Mimi nilikuwa jikoni na wapishi, sikumwona."

Nilipokuwa naihariri, niliitazama harusi ile wiki nzima. Nilitazama mwanga, nikatazama rangi na mahali pa kukata. Uso wa mzee yule, Mungu anisamehe, siukumbuki.

"Alicheka, mama. Alicheka sana."

"Hata pengo lake likaonekana?"

"Likaonekana, mama."