Alhamisi ya Watu Wanne

Kama Bibi hakuikataa chanjo ya korona, kwa nini mpaka wakati ule alikuwa hajachanja? Mama aliniuliza hivyo nyumbani kwetu Makanyagio, mjini Mpanda. Akanipa sukari na sabuni za kumpelekea. "Kamshawishi. Wewe ndiye umesoma."

Mimi mwenyewe sikuwa nimechanja. Nilikuwa na maswali yangu, na hospitali ilikuwa karibu. Niliona nina muda wa kuuliza mpaka nichoke.

Jumatano saa moja asubuhi nilipanda basi la Mishamo, anakoishi Bibi. Barabara ilikuwa tope, tukashushwa mara mbili ili basi lipande kilima likiwa tupu. Mfugaji wa Kisukuma niliyekaa naye alisema kwao chanjo ya ng'ombe hufika kabla ya chanjo ya watu. Sikujua kama anatania.

Saa nane mchana nilichukua bodaboda. Tulipopita zahanati, dereva aliniambia kwamba kutoka hapo hadi kwa Bibi ni saa mbili kwa miguu.

Bibi alikuwa anamenya mihogo na jirani yake, Mama Nestori. Walinisalimu kwa Kirundi cha kwao, wakanihurumia nilivyobabaika, wakahamia Kiswahili. Nikaeleza nilichotumwa.

"Chanjo ni Alhamisi, kesho," Bibi alisema. "Wewe umechanja?"

"Bado. Nachunguza kwanza."

Mama Nestori akacheka. "Chuo miaka mitatu, na bado unachunguza?"

"Basi twende wote," Bibi alisema. "Muuguzi anataka twende kundi. Tumeshapata wanne."

Nikaona ananigeuzia kibao: nimekuja kumshawishi, ananishawishi yeye. Nikasema nitachanja mjini, nikitaka.

"Sawa. Sindano haimkimbii mtu wa mjini."

Alhamisi asubuhi waliondoka wanawake wanne, ndala mkononi kwa sababu ya tope. Nilibaki nikipika maharage. Walirudi saa tisa.

"Mmechanja?"

"Wamesema turudi Alhamisi nyingine," Bibi alisema.

"Kwa nini?"

"Wamesema turudi."

Nikamuuliza Bibi kama aliogopa dakika ya mwisho. Akaniomba maji ya kunawa miguu.

Ijumaa nilirudi Mpanda, nikamwambia Mama kwamba wazee wanaogopa ila hawasemi. Aliniamini.

Kabla mvua hazijaisha Bibi aliletwa hospitali akiwa amelazwa nyuma ya gari la mahindi, anakohoa na hewa haimtoshi. Alipona, lakini hatua ishirini tu lazima akae chini, na mihogo yake wanalima wengine. Kila nikimwona nalirudia lile swali la Mama, na jibu nililompa haliniingii tena akilini.

Mwaka uliofuata nilipanga foleni mjini nikachanja. Nilimuuliza muuguzi kwa nini mtu atembee saa mbili kisha arudishwe. Alinijibu huku anamwita wa nyuma yangu: chupa moja ni ya watu watano, ikishafunguliwa hudumu saa chache tu, na zahanati za mbali huambiwa zisiifungue mpaka watano watimie.