Kiingereza cha Zablon

Pale Rodi Kopany, ukitaka redio yako itengenezwe unaenda kwa Zablon Obare, ila ujiandae nawe pia kutengenezwa. Mwambie "borrow me your torch" uone kama utaipata hiyo tochi kabla ya somo. Atashusha miwani, akufafanulie "borrow" na "lend" mpaka usahau kilichokuleta. Watu walimbandika jina la Dikshonari, naye akalivaa kama koti la Sabato.

Haikuanza hivihivi. Ujanani alikwenda Migori kuomba kazi ofisini, akasema "learn" mahali pa "teach", na makarani wakacheka hadi mmoja akapangusa machozi. Kazi akaikosa. Akaapa kwamba yeye na watu wa nyumba yake hawatachekwa tena kwa ajili ya Kiingereza, na Damaris, mkewe, ndiye aliyekibeba kiapo hicho.

Damaris aliuza omena, wale dagaa wa ziwani. Kiswahili chake kilikuwa cha soko, chenye ngeli zake mwenyewe, na omena iliisha kabla ya jua kutua. Siku wageni walipokuja kumposa binti yao Valentine, Damaris alikuwa ameshinda wiki nzima akifanya mazoezi jikoni. Akatoka kifua mbele na kusema, "Visitors, you are highly welcomed."

"Welcome, Min Valentine," Zablon akadakia, akimwita kwa Kijaluo mama wa Valentine. "Not welcomed."

Wageni wakacheka kwa adabu. Damaris naye akacheka, akaweka chai mezani, akarudi jikoni. Tangu hapo, mgeni akiingia, yeye alisalimia kwa kichwa tu na mazungumzo akamwachia mumewe. Zablon akaona ni heshima. Mtu hujidanganya, jamani!

Mwaka huu, mvua ndiyo kwanza zimeanza, Damaris aliamka ameshika tumbo. Wakaenda kliniki ndogo ya pale sokoni. Mhudumu, kijana aitwaye Mogire, hakuwa Mjaluo, kwa hiyo alimgeukia mgonjwa na kumwuliza kwa Kiswahili, "Mama, unasikia aje?"

"Tumbo," Damaris alianza. "Tumbo inanisumbua huku chini, ni kama mtu ana..."

"She is experiencing some abdominal discomfort," Zablon alisema.

Neno lenyewe, hilo "discomfort" la kusema tumbo halijatulia, alilipata redioni na kwa muda mrefu alikuwa akilitafutia mahali. Lilikuwa safi, halina kasoro, neno la mtu aliyekula maharagwe mengi. Mogire akamgeukia yeye, naye akabadili lugha. Wanaume wawili wakalizungumza tumbo la Damaris kwa Kiingereza kizuri, na mwenye tumbo akakaza leso yake kiunoni. Wakarudi nyumbani na dawa ya kiungulia.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, wahenga walisema. Damaris hakuficha. Alifichiwa.

Siku ya pili yake hakuweza kusimama. Wakamkimbiza hospitali kubwa Homa Bay, na huko wakakuta kidole tumbo kimekwisha kupasuka. Daktari, mama mmoja aitwaye Orpah, alimwuliza Zablon kwa nini wamechelewa hivyo.

"Hatukuchelewa," alijibu.

Mkewe alipokuwa akipasuliwa, Zablon alikaa kwenye benchi nje, sentensi moja ikimzunguka kichwani. Ni kama mtu ana... Anafanya nini? Anachoma? Anakata? Anavuta? Alijaribu kuimalizia kwa Kiswahili, kwa Kijaluo, hata kwa Kiingereza, na kila alipoimaliza alijua ni yake yeye, si ya Damaris. Akalia pale pale kwenye benchi, watu wakipita. Alijuta kwa wale wageni, kwa chai ile, kwa miaka yote ya jikoni.

Damaris alipona kifo. Asubuhi aliyozinduka vizuri, Daktari Orpah alisimama kando ya kitanda, akamwuliza taratibu, "Mama, maumivu yako namna gani sasa?"

Damaris akamtazama mumewe. "Muulize yeye," alisema. "Ndiye anajua maneno."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, na hilo ndilo lililomchoma Zablon.

"Daktari, sijui," alisema. "Mimi sikumwuliza."

Akainama hadi karibu na mto, akamwambia kwa Kijaluo, lugha waliyooana nayo: "Min Valentine, siku ile kliniki ulikuwa unasema ni kama mtu anafanya nini? Malizia. Sitakukatiza."

 Midomo ya Damaris ikafunguka, ikafumba, kama ile siku ya wageni kabla hajatoka jikoni. Mwishowe akamgusa mumewe mkono.

"Sema wewe," alimwambia. "Mimi nitakosea."